Uzi: Heshima na uhalisi wa sakramenti, na mahali ambapo sisi Wakatoliki wa mapokeo tunapaswa kuwa waangalifu zaidi

Ndugu zangu,

Katika mijadala ya Wakatoliki kuhusu liturujia kuna maswali mawili yanayochanganywa kila mara, na mchanganyiko huo umeleta uchungu usio wa lazima pande zote. Swali la kwanza ni kama sakramenti ilitendeka kweli: je, mtoto yule alibatizwa, hostia ile iligeuka kuwa Mwili wa Kristo, mtu yule akawa padre? Swali la pili ni kama sakramenti hiyo ilitolewa na kupokewa kwa heshima inayostahili. Mimi ni miongoni mwa wanaoipenda Misa ya Kilatini ya zamani, na ninaamini kwamba mengi yaliyoachwa katika marekebisho ya Papa Paulo VI, yaliyoanza kutumika rasmi Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka 1969, yaliachwa kwa hasara. Hata hivyo ninawasikia wenzangu wakisema "Misa ile ni batili" pale walipopaswa kusema "Misa ile iliadhimishwa vibaya", na ninawasikia wanaotupinga wakijibu, "Misa ni halisi, mnataka nini tena?" Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini zimesimama juu ya dhana moja, kwamba katika sakramenti hakuna kosa la maana isipokuwa lile linalobatilisha. Dhana hiyo ndiyo ninayotaka kuikataa.

Nianze na uhalisi, kwa kuwa mipaka yake iko wazi zaidi. Mtaguso wa Firenze, katika hati yake ya mwaka 1439 kwa ajili ya Waarmenia, ulifundisha kwamba kila sakramenti hukamilishwa na mambo matatu: kitu kinachotumika, ambacho wanateolojia hukiita maada, maneno yanayotamkwa, ambayo huitwa umbo, na mhudumu anayeitoa akiwa na nia ya kutenda lile linalotendwa na Kanisa. Likikosekana mojawapo, hakuna sakramenti. Mtaguso wa Trento ukatamka mwaka 1547 kwamba sakramenti hutoa neema kwa nguvu ya tendo lenyewe, na kwamba hata mhudumu aliye katika dhambi ya mauti hutoa sakramenti halisi mradi ametimiza yaliyo ya lazima. Fundisho hilo lilikuwa la kale hata wakati huo. Mtakatifu Agostino alilitetea Afrika ya Kaskazini dhidi ya Wadonati, waliodai kwamba sakramenti za wale walioisaliti imani wakati wa mateso hazikuwa sakramenti. Wadonati walikuwa watu wenye bidii na wakali katika maadili, na Kanisa liliwakatalia. Kila mtu wa mapokeo awakumbuke kabla ya kusema kwamba padre fulani, kwa kuwa ni mzembe au ana teolojia mbovu, hageuzi mkate kuwa Mwili wa Kristo.

Kuhusu nia, wengi wetu tunadai mengi kuliko Kanisa linavyodai. Padre halazimiki kuwa na imani timilifu moyoni ili sakramenti iwepo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaeleza kwamba mhudumu hutenda kwa niaba ya Kanisa zima, na maneno anayoyatamka yanaidhihirisha nia ya Kanisa, nayo inatosha isipokuwa pale yeye mwenyewe anapoonyesha kwa nje kwamba anakusudia kinyume. Papa Leo XIII alilitumia fundisho hilo mwaka 1896 alipohukumu kwamba daraja takatifu za Kianglikana, yaani ushemasi, upadre na uaskofu wao, ni batili. Alisema Kanisa halihukumu yaliyo rohoni mwa mtu: anayetumia maada na maneno yanayotakiwa kwa dhati na inavyopasa huchukuliwa kuwa amenuia. Lakini ibada ikibadilishwa kwa kusudi la wazi la kuingiza nyingine isiyokubaliwa na Kanisa na kulitupa lile linalotendwa na Kanisa, hapo nia imekosekana. Sehemu ya pili ya hoja hiyo hunukuliwa sana na wenzetu wanaosema kwamba hakuna tena maaskofu wa kweli katika ibada mpya. Sehemu ya kwanza hunukuliwa mara chache.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa mapokeo walilisema kwa miaka mingi wakachekwa kuwa ni watu wa herufi. Tarehe 6 Agosti 2020 ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilitangaza kwamba ubatizo uliotolewa kwa maneno "Tunakubatiza" badala ya "Ninakubatiza" ni batili. Huko Detroit, Marekani, padre mmoja aliyepewa upadre mwaka 2017 aliitazama video ya ubatizo wake wa mwaka 1990, akamsikia shemasi akisema kwa niaba ya kundi zima, "Tunakubatiza." Hakuwa amebatizwa. Na kwa kuwa ubatizo ndio mlango wa sakramenti nyingine zote, hakuwa amepata kipaimara wala upadre. Misa alizoadhimisha hazikuwa Misa, na maondoleo aliyotoa katika kitubio hayakuwa ya sakramenti. Watoto aliowabatiza walikuwa wamebatizwa kweli, kwa sababu mtu yeyote, hata asiyebatizwa, anaweza kubatiza kwa maada, maneno na nia sahihi. Agosti hiyo hiyo alibatizwa, akapewa kipaimara na Ekaristi, akapewa ushemasi, kisha upadre. Mwaka 2022 jimbo la Phoenix lilitangaza jambo la namna hiyo kuhusu padre ambaye alikuwa ametumia neno hilo kwa miaka mingi.

Tazameni kosa lenyewe lilivyozaliwa. Anayesema "Tunakubatiza" hana chuki na Kanisa. Anataka wazazi, wasimamizi na jumuiya wajisikie kuwa sehemu ya tendo, na ameona maneno aliyopewa hayatoshi. Amesahau kwamba anapobatiza, Kristo ndiye anayebatiza, na kwamba hapo hazungumzi kwa niaba ya kundi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano wenyewe ulikuwa umesema kwamba hakuna mtu, hata akiwa padre, awezaye kuongeza, kuondoa au kubadili kitu katika liturujia kwa mamlaka yake mwenyewe. Padre anayeogopa kuyagusa maneno ya ibada hawezi kamwe kuwafikisha waamini wake pale walipofikishwa wale wa Phoenix. Kwa sababu hiyo ninasema heshima inauzunguka uhalisi kama ua unavyozunguka kisima. Ua si maji, wala kisima hakikauki siku ua unapobomolewa, lakini asiyejali ua hatakawia kuchafua maji.

Ningependa mjue jinsi ua huo ulivyokuwa mnene katika Misa ya zamani, kwa sababu wengi hawajapata kuuona kwa karibu. Padre akishatamka maneno ya mageuzo juu ya hostia, kidole gumba na kidole cha shahada cha kila mkono hubaki vimebanana. Anafunua kalisi, yaani kikombe cha divai ya Misa, vikiwa vimebanana, anafungua ukurasa kwa vidole vingine, anainua mikono kusali vikiwa hivyo hivyo, na havitengani isipokuwa anapoishika hostia, hadi vitakapooshwa kwa divai na maji juu ya kalisi baada ya komunyo. Kabla ya kuinua hostia anapiga goti, na baada ya kuinua anapiga goti tena. Mwanzoni mwa Misale ya mwaka 1570 kulikuwa na sehemu nzima inayoeleza kasoro zinazoweza kutokea: mkate usio wa ngano, divai iliyogeuka siki, padre aliyeshikwa na ugonjwa ghafla katikati ya mageuzo, nzi aliyeanguka ndani ya kalisi, hostia iliyodondoka sakafuni. Ikidondoka, huokotwa kwa uchaji, na mahali ilipoangukia husafishwa. Sehemu hiyo ilikuwa inazungumzia uhalisi na heshima katika kurasa zile zile, bila kuvichanganya: ilisema wazi lipi linabatilisha na lipi ni dhambi tu bila kubatilisha.

Maagizo ya Mei 1967 yalimwondolea padre wajibu wa kubana vidole na yakapunguza magoti. Hakuna Misa hata moja iliyobatilika kwa hilo. Lakini mtoto anayetumikia altareni hujifunza imani kwa macho kabla ya kuisoma katekisimu, na kile alichokuwa akifundishwa na vidole viwili vya padre hakuna hotuba iliyokifidia.

Suala la komunyo mkononi linafuata mkondo huo huo. Hati ya Vatikano ya tarehe 29 Mei 1969 ilihifadhi desturi ya kupokea kwa ulimi, ikieleza kwamba inalinda uchaji na kuzuia kupotea kwa chembe za hostia, kisha ikaruhusu mabaraza ya maaskofu wa nchi ambako desturi ya mkononi ilikuwa tayari imeenea yaombe kibali. Kilichoruhusiwa kama jambo la pekee kikawa kawaida karibu kila mahali. Wanaotupinga hutukumbusha mafundisho ya kale yanayohusishwa na Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, yanayomwelekeza mwamini kuufanya mkono wa kushoto kuwa kiti cha enzi cha mkono wa kulia. Ni kweli, na tusilikane. Lakini mafundisho hayo hayo yanamwonya mwamini asipoteze hata chembe, kama mtu aliyepewa vumbi la dhahabu. Desturi ya karne ya nne ilirudishwa bila hofu ya karne ya nne. Maagizo ya mwaka 2004 kuhusu matumizi mabaya katika Ekaristi yanatamka kwamba kila mwamini ana haki wakati wote ya kupokea kwa ulimi na kwamba sahani ya komunyo itumike. Ninawasihi mapadre wanaosoma uzi huu wairudishe sahani hiyo, hata kabla hatujakubaliana juu ya jambo lingine lolote.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kuandika bila matusi. Swali langu ni hili: ikiwa unakubali kwamba Misa ya sasa ni halisi na Kristo yupo, je, heshima si jambo la moyo? Bwana aliwakemea Mafarisayo waliosafisha kikombe kwa nje. Nimewaona watu wanaopiga magoti yote mawili na ulimi wao haumwachi jirani salama.

Mleta uzi:

Ndugu yangu, Bwana aliwaambia wasafishe ndani kwanza ili nje nako kuwe safi. Hakuwaambia waache kikombe kichafu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ulieleza sababu ya taa, ubani, mavazi na ishara katika Misa: mwanadamu ameumbwa hivi kwamba hawezi kwa urahisi kuinuka kutafakari mambo ya Mungu bila kusaidiwa na vitu vya nje. Tukisema heshima ni ya moyoni tu, tunawadai waamini jambo ambalo Kanisa halikuwahi kuwadai, yaani waabudu kama malaika wasio na mwili. Kuhusu ulimi usiomwacha jirani salama, sina utetezi. Mtume Paulo alipowaonya Wakorintho kwamba alaye na kunywa isivyostahili anajiletea hukumu, kosa lao lilikuwa pia kuwadharau maskini wa jumuiya. Asiyestahi kiungo cha Mwili wa Kristo hajaielewa Ekaristi, apige magoti mangapi.

Lakini geuza pia swali lako. Kwa kuwa Kristo yupo kweli katika Misa ya sasa, uzembe katika Misa hiyo ni mzito zaidi kuliko kama asingekuwapo. Anayesema "ni batili" anaupunguza uzito wa kosa bila kujua, maana chembe ya mkate wa kawaida ikikanyagwa hakuna aliyekosewa.

Mchangiaji wa pili:

Mimi nakuona unasitasita, ndugu. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alilaani kauli kwamba katika kutoa sakramenti mtu anaweza kufuata maoni yenye uwezekano tu na kuacha njia iliyo salama zaidi. Ibada ya kuwaweka wakfu maaskofu ilibadilishwa mwaka 1968. Mafuta ya mizeituni, ambayo wanateolojia wa zamani waliyahesabu kuwa maada ya lazima ya kipaimara, siku hizi yanaweza kuwa ya mmea mwingine. Makardinali Ottaviani na Bacci walimwandikia Papa mwaka 1969 kwamba Misa mpya inaachana kwa namna ya kushangaza na teolojia ya Trento. Mashaka yakiwapo, njia salama ni kukaa mbali.

Mleta uzi:

Kanuni uliyoitaja ni ya kweli na ninaishika. Katika sakramenti hatubahatishi. Lakini wanateolojia wale wale waliotufundisha kanuni hiyo walitenganisha shaka yenye sababu ya kweli na shaka isiyo na sababu isipokuwa "huenda". Ya kwanza inatulazimu kutafuta uhakika, na ya pili inapaswa kupuuzwa, la sivyo hakuna atakayeweza kupokea sakramenti yoyote, kwa maana hakuna anayeweza kuona ndani ya nia ya padre wake, awe wa ibada mpya au ya zamani.

Kuhusu uaskofu, Papa Pio XII alieleza mwaka 1947 kwamba maada ya daraja ni kuwekewa mikono, na kwamba maneno ya lazima ni yale yanayotaja bila utata daraja linalotolewa na neema ya Roho Mtakatifu. Sala iliyowekwa mwaka 1968 ilichotwa kutoka maandishi ya kale, na sala zenye kiini hicho zinatumika katika ibada za Wakopti na Wasiria wa Magharibi, ambao Roma haikuwahi kuzikana daraja zao. Unaweza kuona kwamba sala ya zamani ya Kiroma ni bora, nami ninaona hivyo. Kutoka hapo hadi kwenye ubatili kuna safari ndefu, na sijaona hoja inayoikamilisha.

Katika mafuta umegusa jambo zito zaidi, na simlaumu anayeona kwamba badiliko lile lilihitaji maelezo mengi kuliko yaliyotolewa. Lakini Kanisa lina mamlaka ya kubainisha maada pale ambapo Bwana hakuitaja mwenyewe kwa upambanuzi, tofauti na mkate, divai na maji. Kuhusu Misa, Askofu Mkuu Marcel Lefebvre mwenyewe, katika itifaki aliyoisaini tarehe 5 Mei 1988, alikiri uhalisi wa Misa na sakramenti zinazoadhimishwa kwa nia ya Kanisa kufuatana na vitabu vilivyotangazwa na Paulo VI na Yohane Paulo II. Kesho yake aliirudisha nyuma sahihi hiyo, na tarehe 30 Juni akawaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini, lakini kilichovunja makubaliano kilikuwa suala la maaskofu na kuaminiana kulikopotea kati ya pande mbili. Kama aliyeanzisha upinzani mkubwa kuliko wote aliweza kuandika hivyo, sioni kwa nini sisi tuwe wakali kuliko yeye.

Mchangiaji wa tatu:

Naomba niulize jambo linalonigusa. Nilikuwa nikiungama kwa padre wa Udugu wa Mtakatifu Pio X, jumuiya ya mapadre iliyoanzishwa na Lefebvre, kwa sababu anasikiliza kwa makini na hana haraka, wakati parokiani nilipewa ondoleo kabla sijamaliza kusema. Rafiki yangu anasema maungamo yangu yote ya zamani ni batili. Inawezekanaje palipo na heshima kuwe na ubatili?

Mleta uzi:

Inawezekana, ndugu yangu, na swali lako ndilo linalotupima sisi watu wa mapokeo. Kitubio na ndoa vinadai kitu zaidi ya maada, maneno na nia. Padre anayeondoa dhambi anatenda kama hakimu, na hakimu anahitaji kupewa mamlaka. Bila kibali cha Kanisa cha kuungamisha, ondoleo lake haliwi halisi, ila katika hatari ya kifo, ambapo kila padre anaweza kuondolea. Vivyo hivyo ndoa ya Wakatoliki inahitaji kufungwa mbele ya mwakilishi wa Kanisa mwenye mamlaka. Mapadre wa Udugu walidai kwamba katika hali ya dharura Kanisa lenyewe hufidia upungufu huo, kama sheria inavyosema kuhusu kosa la wengi, yaani waamini wanapodhani kimakosa kwamba padre ana mamlaka, na kuhusu shaka yenye msingi. Wanasheria wengi wa Kanisa hawakukubaliana nao. Mimi naona dai lao lilikuwa dhaifu kwa ndoa, na kwa kitubio lilikuwa na nguvu kidogo zaidi.

Papa Fransisko aliwapa mapadre hao kibali cha kuungamisha kuanzia Mwaka wa Huruma ulioanza Desemba 2015, akakiendeleza mwaka 2016 bila kikomo, na mwaka 2017 akafungua njia ya ndoa zao kufungwa kwa idhini ya maaskofu wa majimbo. Kwa maungamo uliyofanya baada ya kibali kutolewa, kuwa na amani. Kwa yale ya kabla yake, uliungama kwa nia njema, na dhambi ambayo mtu hakujua kwamba haijaondolewa kisakramenti huondolewa anapopokea ondoleo halisi baadaye akiwa na majuto. Ukitaka utulivu zaidi, mweleze muungamishi mwenye kibali mara moja, kisha usirudie tena.

Na yule padre wa parokiani aliyekukatisha, kama alitamka maneno ya ondoleo kwa ukamilifu, alikuondolea kweli. Alikukosea pia, kweli. Una haki ya kumwambia kwa adabu.

Mchangiaji wa nne:

Baada ya kusoma kuhusu Detroit nimeanza kuwa na wasiwasi kuhusu ubatizo wangu. Nifanye nini? Nimtafute padre anibatize upya?

Mleta uzi:

Usimtafute padre akubatize upya, maana ubatizo hutia alama isiyofutika na kuurudia ovyo ni kuudharau. Anza na daftari la ubatizo la parokia. Sheria ya Kanisa inasema kwamba mahali ambapo hakuna anayedhurika, ushahidi wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka unatosha kuthibitisha ubatizo. Waulize wazazi au msimamizi wako maswali mepesi: maji yalimiminwa kichwani na kutiririka, na ni maneno gani yalitamkwa? Kutokukumbuka kwao hakujengi shaka. Padre aliyefuata kitabu huchukuliwa kuwa alifuata kitabu hadi ionekane vinginevyo. Ikiwa kuna video, au kuna habari ya wazi kwamba mhudumu yule alikuwa na mazoea ya kubadili maneno, mpelekee paroko wako habari hiyo achunguze. Shaka ikibaki baada ya uchunguzi wa kweli, utabatizwa kwa masharti, kwa maneno yanayoanza "Kama hujabatizwa," na sakramenti zilizotegemea ubatizo huo zitaangaliwa moja baada ya nyingine. Na ikithibitika kwamba maji yalimiminwa na maneno yalitamkwa, basi umebatizwa na hakuna kinachorudiwa, hata kama ilikuwa ibada ya haraka haraka, bila nyimbo, mikononi mwa padre aliyekuwa akitazama saa.